Kupatana Bei ya Pikapu Mpya

Kwa mkulima wa viazi wa Nyandarua, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Kitui au msafirishaji wa maziwa wa Githunguri, pikapu mpya huwa ndicho kitu cha bei kubwa kuliko vyote atakavyonunua, shamba na nyumba vikiwekwa kando. Hata hivyo wanunuzi wengi nchini Kenya huilipia bei ile ile waliyoikuta kwenye karatasi ya muuzaji. Mtu ambaye sokoni Kongowea hachukui gunia la vitunguu bila kulishusha bei mara tatu hufika kwenye shorumu ya Nairobi, akakuta sakafu inayong'aa na kijana wa tai mwenye lugha tamu, akaona haya kusema neno. Haya hiyo humgharimu maelfu, wakati mwingine malaki. Bei ya gari jipya hupatanwa kama ya bidhaa nyingine yoyote. Sokoni mtu hushinda kwa ulimi. Kwenye shorumu hushinda kwa karatasi, kwa hesabu na kwa kujua muuzaji anasumbuliwa na nini.

La kwanza kueleweka ni umbo la soko lenyewe. Magari mengi yanayosajiliwa Kenya kila mwaka yalikwisha kutumika ng'ambo, na hayo huuzwa na yadi nyingi zinazoshindana mlango kwa mlango. Gari jipya lina njia nyembamba. Kila kampuni ya magari huwa na msambazaji wake aliyeidhinishwa nchini: Hilux hupitia kwa kundi la CFAO, na D-Max hupitia kwa Isuzu East Africa, iliyoitwa General Motors East Africa hadi mwaka 2017, Isuzu ya Japani ilipozinunua hisa za General Motors. Kwa hiyo mnunuzi hawezi kuzunguka maduka ishirini akitafuta Hilux mpya ya bei nafuu. Matawi ni mengi, mwenye bei ni mmoja. Ushindani wa kweli uko kati ya aina na aina: Hilux na D-Max, D-Max na Ranger, Ranger na L200. Mnunuzi aliyeapa kwamba hatachukua jingine ila Hilux, tena akalisema hilo mbele ya muuzaji, amejifunga mikono mwenyewe. Isuzu nayo ina mlango wa ziada, kwa kuwa huuza kupitia mawakala wenye biashara zao, kama Thika Motor Dealers na Central Farmers Garage ya Kitale, na mawakala wawili wa gari moja wanaweza kutofautiana katika punguzo na katika vifaa wanavyoongeza.

Bei iliyoandikwa imebeba mambo mengi ambayo muuzaji hana uwezo nayo. Pikapu iliyokuja nzima kutoka Thailand au Afrika Kusini, nchi mbili zenye viwanda vikubwa vya Hilux, D-Max na Ranger za usukani wa kulia, imelipiwa nauli ya meli, bima ya baharini, ushuru wa forodha, ada ya tangazo la uingizaji, tozo ya reli na kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT, ambayo Kenya ni asilimia 16 na Tanzania asilimia 18. D-Max zinazounganishwa Nairobi hupata nafuu, kwa sababu vipande vinavyoletwa kuunganishwa havitozwi ushuru wa forodha kama gari zima. Serikali haibembelezeki, na mwenye meli vivyo hivyo. Kinachobaki kubishaniwa ni faida ya msambazaji na ya wakala, nayo ni sehemu ndogo ya bei yote. Mnunuzi anayetaka apunguziwe theluthi huonyesha kwamba hajui anachokinunua, na kuanzia hapo hachukuliwi kwa uzito. Ombi la asilimia chache, lenye sababu, ndilo linalopelekwa kwa meneja.

VAT yenyewe ina mtego mdogo unaostahili kuelezwa kwa tarakimu. Pikapu ya shilingi 4,640,000 ni shilingi 4,000,000 za gari na 640,000 za kodi. Muuzaji akisema "tumekupunguzia laki moja", sharti ijulikane laki hiyo imetolewa kwenye bei gani. Ikitolewa kwenye bei ya kabla ya kodi, gari hubaki 3,900,000, kodi hushuka hadi 624,000, na jumla huwa 4,524,000. Mnunuzi ameokoa 116,000. Ikitolewa kwenye jumla, ameokoa laki moja basi. Hizo 16,000 za tofauti hutosha kujaza tangi la dizeli. Mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa VAT ana swali jingine la kumpelekea mhasibu kabla ya kuchagua gari: je, kodi hiyo anaweza kuidai? Sheria haiyatazami magari ya mizigo na ya abiria kwa jicho moja, na pikapu ya kabini mbili hukaa pabaya katikati yao.

Nguvu nyingine iliyojificha ndani ya bei ni dola. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160 za Kenya. Miezi michache baadaye ilikuwa imerudi karibu 130. Katika kipindi kama hicho, gari lililoagizwa kwa dola ghali na jingine lililoagizwa kwa dola nafuu huweza kusimama bega kwa bega uwanjani, yote mawili yakiwa na bei moja. Wauzaji huwa wepesi wa kupandisha bei shilingi inapoanguka na wazito wa kuishusha inapoinuka. Mnunuzi anayefuatilia bei ya dola ana haki ya kuuliza shehena hii iliagizwa lini na kwa kiwango gani, na swali hilo peke yake humjulisha muuzaji kwamba amepata mtu aliyejiandaa. Shilingi inapoanza kuteleza, hali hugeuka: magari yaliyokwisha kufika ndiyo ya bei ya jana, na kuchelewa wiki mbili kunaweza kufuta punguzo lote lililopatikana kwa jasho.

Aina ya gari huamuliwa nyumbani. Pikapu ya kabini moja, isiyovuta magurudumu yote manne, hubeba mzigo wa takriban tani moja na kumtosheleza mtu anayepita barabara ya lami au ya murram iliyochongwa vizuri. Anayeshuka mabonde ya udongo mweusi msimu wa masika anahitaji magurudumu manne, na hapo hakuna la kujadiliana. Shida huanzia katikati: muuzaji hushindwa kupunguza bei ya gari lililoombwa, kisha huonyesha lililo bora zaidi, lenye kamera ya nyuma na rimu za kung'aa, "kwa nyongeza kidogo tu". Nyongeza hiyo huzidi punguzo lote lililokuwa likitafutwa. Mahitaji yakiwa yameandikwa kwenye karatasi kabla ya safari, karatasi hiyo hukataa kwa niaba ya mnunuzi.

Hati inayobeba mapatano yote ni proforma. Proforma nzuri hutaja mtindo kamili, injini, rangi, mwaka wa kuundwa, nambari ya chesisi ikiwa gari liko uwanjani, bei kabla ya kodi, kodi yenyewe, kila kifaa cha ziada na bei yake, gharama za usajili, muda wa dhamana, huduma za bure za gereji na siku ambazo bei hiyo itadumu. Yenye tarakimu moja kubwa chini ya ukurasa haisaidii, maana hailinganishwi na nyingine. Proforma tatu za wauzaji watatu, zilizoandikwa wiki moja, humpa mnunuzi nguvu kuliko maneno yote atakayoyasema. Kumwonyesha muuzaji mmoja karatasi ya mwenzake ni biashara halali, mradi karatasi ni ya kweli. Wanaobuni bei ya uongo huumbuka upesi, kwa kuwa wauzaji wa magari mapya ni wachache na kila mmoja anajua vizuri bei za mwenzake.

Katika yote yanayoweza kushusha bei, hakuna lenye nguvu kama mwaka wa kuundwa, na inasikitisha kwamba wanunuzi wengi hawauulizi. Logibuku ya Kenya huandika mwaka gari lilipoundwa pamoja na tarehe liliposajiliwa. Pikapu iliyotoka kiwandani Oktoba, ikapanda meli, ikapita bandarini na kukaa uwanjani mwa muuzaji hadi Februari, ni mpya kwa kila hali. Haijabeba mzigo na viti vingali na plastiki. Lakini siku mwenyewe atakapotaka kuiuza, mnunuzi wa pili atahesabu umri wake tangu mwaka ule wa Oktoba. Mthamini wa benki na kampuni ya bima watafanya hivyo hivyo. Gari limepoteza mwaka mzima wa thamani kabla ya kukanyaga barabara.

Muuzaji analijua hilo, na lina uchungu kwake pia. Gari linalolala uwanjani limefunga mtaji, mara nyingi mtaji wa mkopo unaokula riba kila mwezi, na kila mwezi linavyozidi kukaa ndivyo linavyozidi kuwa gumu kuuzika. Kwa hiyo kati ya Januari na Machi mnunuzi hufanya vyema kuuliza waziwazi kama yapo magari ya mwaka uliopita. Atakayelitumia gari miaka kumi hadi lichoke hapotezi kitu cha maana kwa kuchukua hilo, akapata punguzo ambalo asingelipata kwingine. Huyo ndiye mtu wa kulikimbilia. Anayebadilisha gari kila baada ya miaka mitatu sharti apunguziwe kiasi kinachofidia hasara atakayoipata wakati wa kuuza, la sivyo adai la mwaka huu. Gari lililokaa sana nalo likaguliwe: betri, kutu kwenye diski za breki, na matairi. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka lilipotengenezwa. 3823 ni wiki ya 38 ya mwaka 2023. Tarakimu hizo humsaidia mnunuzi kupima maneno ya muuzaji kuhusu umri wa gari.

Wakati wa kununua nao una hesabu yake. Wauzaji hupewa malengo ya mwezi na ya robo mwaka, na siku za mwisho za mwezi meneja aliyebakiza gari moja kufikia lengo husikiliza bei ambayo tarehe tano asingeisikiliza. Kampuni nyingi za Japani hufunga mwaka wao wa hesabu tarehe 31 Machi, na shinikizo la kuuza huweza kushuka hadi kwa wasambazaji. Mei na Juni ni miezi migumu kwa mnunuzi binafsi wa Kenya: mwaka wa fedha wa serikali huisha tarehe 30 Juni, wizara na kaunti hukimbilia kutumia bajeti zilizobaki, pikapu huondoka kwa zabuni, na muuzaji mwenye oda ya magari mengi hana haja ya kumbembeleza mteja wa gari moja. Nafasi nyingine hutokea mtindo mpya unapotangazwa kabla mtindo wa zamani haujaisha uwanjani.

Mazungumzo yenyewe hayahitaji ukali. Muuzaji wa shorumu huwa ameruhusiwa kiasi kidogo cha kupunguza, na akisema "mzee, hapo nimefika mwisho wangu", mara nyingi anasema kweli: umefika mwisho wake yeye, wa meneja bado. Mnunuzi humwomba kwa heshima ampeleke kwa mkubwa wake, akiwa na tarakimu moja iliyo wazi na ahadi iliyo wazi, kwamba bei ikifika hapo arubuni italipwa leo hii. Anayesema "nipunguzie tu, kaka" hupunguziwa kile muuzaji anachopenda. Anayetaja bei, akaonyesha proforma ya mpinzani, kisha akanyamaza na kungoja, humwachia muuzaji mzigo wa kujibu. Kiasi cha fedha alicho nacho mnunuzi si habari ya kutolewa mapema, maana kikishajulikana bei hupanda mpaka ikifikie. Kuondoka ni sehemu ya mapatano, ila aondoke aliye tayari kweli kutorudi. Matusi na dharau hazina faida hapa. Gari litarudi kwa gereji ya watu hao hao miaka yote ya dhamana.

Bei ikigoma kabisa kushuka, vifaa vya ziada hufungua njia. Meneja anayekatazwa kugusa bei huweza kuruhusiwa kutoa kenopi, turubai, bampa ya chuma, ndoano ya kuvuta trela, king'ora, kifaa cha kufuatilia gari au huduma kadhaa za gereji bila malipo. Kwake vitu hivyo vina gharama ndogo kuliko bei anayowauzia wateja, kwa hiyo huvitoa kwa urahisi kuliko fedha. Thamani yake kwa mnunuzi ni moja tu: je, angevinunua kwa fedha zake? Kenopi ni mali kwa mwenye kubeba mikate. Kwa mbeba mchanga ni kero. Huduma za bure ndizo aghalabu zenye faida kubwa kuliko zote, kwa sababu vichungi, oili na kazi ya fundi wa wakala ni gharama zitakazokuja bila shaka, na rekodi kamili ya huduma hupandisha bei ya kuuzia baadaye.

Gari la zamani linalotolewa kama sehemu ya malipo lisiingizwe kwenye mazungumzo mpaka bei ya jipya iandikwe. Yakichanganywa, muuzaji huweza kulipandishia la zamani thamani huku akiondoa punguzo la jipya, na mnunuzi akaenda nyumbani amefurahi bila kupata kitu. Thamani ya gari la zamani itafutwe kwanza kwa kulipeleka kwenye yadi mbili tatu na kusikia wanatoa ngapi taslimu.

Mkopo ndipo fedha nyingi zinapopotelea, kuliko kwenye bei yenyewe. Swali ambalo wauzaji hupenda kuuliza mapema ni "ungependa kulipa ngapi kwa mwezi?", na likishajibiwa, bei ya gari huacha kuzungumzwa. Chukua mkopo wa shilingi 3,000,000 kwa miezi 48, riba asilimia 14 kwa mwaka. Riba ikihesabiwa kwenye salio linalopungua, malipo ya mwezi ni karibu 81,980, na riba yote ni takriban 935,000. Riba hiyo hiyo ya asilimia 14 ikihesabiwa kwenye mkopo wote wa awali miaka yote minne bila kujali kilicholipwa, riba ni 1,680,000, na malipo ya mwezi ni 97,500. Tangazo ni lile lile, asilimia ni ile ile, tofauti ni shilingi 745,000. Hakuna punguzo la shorumu linaloweza kuziba pengo hilo. Kurefusha muda nako huficha gharama: mkopo ule wa kwanza ukisogezwa hadi miezi 60, malipo ya mwezi hushuka hadi karibu 69,800 na mnunuzi huona nafuu, lakini riba hupanda hadi kama 1,188,000.

Kwa sababu hiyo benki hutafutwa kabla ya gari. Anayeingia kwenye shorumu akiwa na barua ya benki au ya sacco inayokubali kumkopesha huzungumza kama mnunuzi wa taslimu, na bado anaweza kuusikiliza mpango wa muuzaji na benki yake kuona kama unashinda. Mipango hiyo haidharauliwi. Mingine huwa na riba ya chini kweli au kianzio kidogo. Iulizwe mambo matatu tu: jumla yote itakayolipwa hadi mwisho, ada za kuanzisha mkopo, na faini ya kumaliza deni mapema. Taslimu nayo haina nguvu ambayo wengi huidhani, kwani msambazaji hulipwa na benki mara moja kama anavyolipwa na mteja.

Chama cha ushirika, kampuni ndogo au marafiki watano wanaohitaji pikapu za aina moja hufanya vizuri kwenda pamoja. Wasambazaji huwa na idara ya wateja wa magari mengi, yenye bei ambazo hazibandikwi ukutani, na oda ya magari matano huweza kufungua mlango ambao mtu mmoja hafunguliwi. Bima nayo isichukuliwe mezani kwa muuzaji kwa sababu tu fomu iko tayari. Bei zake hutofautiana, na pikapu ya kubeba mizigo ya mwenyewe haikatiwi bima sawa na ile ya kubeba mizigo ya watu kwa malipo. Anayeikosea hiyo hulijua kosa siku ya ajali.

Yakikamilika mapatano, proforma ya mwisho huandikwa upya ikiwa na kila lililokubaliwa, kwa sababu ahadi ya mdomo huhama pamoja na muuzaji aliyeitoa. Arubuni hulipwa kwa risiti inayosema itarudishwa lini na kwa masharti gani endapo gari halitafika. Fedha huingia kwenye akaunti ya kampuni, kamwe si kwenye simu ya muuzaji; na kwa kuwa tangu mwaka 2009 hundi inayozidi shilingi milioni moja haipitishwi na benki za Kenya, malipo makubwa huenda kwa RTGS, uhamisho wa fedha wa moja kwa moja kati ya benki, na kufika siku ile ile, hivyo muuzaji hana sababu ya kuchelewesha gari. Siku ya kulichukua, pikapu hukaguliwa mchana, ikiwa imeoshwa na kukauka: rangi, vioo, tairi la akiba, jeki, kilomita kwenye dashibodi, na nambari ya chesisi ikilinganishwa na ankara na usajili wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, tarakimu kwa tarakimu. Kasoro yoyote huandikwa kwenye hati ya makabidhiano kabla ya sahihi kutiwa na ufunguo kupokelewa.